Pesa ya kilimo inafuata orodha: tuandike mashamba yetu sisi wenyewe

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kalima, teritware ya Pangi

 

Komite iliniomba niseme juu ya jambo moja ambalo watu wanauliza kila siku, sokoni, kanisani, na hata kwenye matanga. Ile pesa ambayo Serikali inawatolea walimaji, iko wapi? Mmoja anasema alisikia kwenye redio. Mwingine anasema ndugu yake aliyebaki Tanzania aliandikwa, akapata mbolea kwa bei ya chini. Na sasa kuna watu wanapita vijijini na daftari, wanaomba franka za kuandikwa, wanasema atakayelipa leo ndiye atakayepewa kesho. Mkutano wa leo unapaswa kutoa neno juu ya watu hao, kwa kuwa kuna mama kati yetu ambaye yuko tayari kuuza kuku wake juu ya karatasi ile.

Nitajibu kwa ufupi kwanza, halafu nitaeleza. Sheria iko. Pesa bado haijapata njia ya kumfikia mulimaji mdogo wa Pangi. Na kila nchi ambako njia hiyo ilifunguliwa, ilifunguliwa kwa orodha ya walimaji wa kweli. Pahali orodha ilikuwa mbaya, wengine walikula. Kwetu orodha hiyo haiko. Tunaweza kuianza sisi wenyewe, bila kumlipa mtu hata franka moja.

Sheria inasema nini

Tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 2011 nchi yetu ilipata sheria ya kilimo, nambari 11/022. Wengi wetu hatujaiona kwa macho. Inasema mambo mengi, nitachukua mawili. Inaanzisha mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo, Fonds national de développement agricole. Tena inasema kwamba mbegu, mbolea na vyombo vinavyoingia kutoka inchi za nje kwa kazi ya kilimo tu, visitozwe kodi ya kuingia.

Hata mbele ya sheria hiyo, mwaka 2003, wakubwa wa nchi za Afrika walikutana Maputo, Msumbiji, wakaahidi kutoa asilimia 10 ya bajeti ya kila nchi kwa kilimo. Mwaka 2014 walirudia ahadi hiyo Malabo. Mwezi wa kwanza 2025 walikutana Kampala, wakakubaliana juu ya mpango mupya wa miaka kumi, kutoka 2026 mpaka 2035. Kongo imo. Lakini bajeti yetu ya kilimo imebaki chini sana ya hiyo asilimia 10, na hata ile inayoandikwa haitoki yote.

Kuna pesa kubwa iliyotoka, lakini ilipita njia ingine. Mwaka 2014 Serikali ilifungua shamba kubwa la Bukanga Lonzo, upande wa magharibi wa nchi, karibu hekta 80.000, pamoja na kampuni ya Afrika Kusini. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama. Mwaka 2020 Inspection générale des finances ilitoa ripoti yake: dola karibu milioni 285 zilitoka, na zaidi ya milioni 200 kati yake hazikufika pahali pake. Sisi watu wa Maniema tunaijua kesi ile mpaka pale ilipofika tribinali mwaka 2025. Sitairudia hapa, na chama chetu si tribinali. Ninataka muone kitu kimoja tu. Kwenye mpango wa namna ile hakuna mulimaji mdogo mwenye jina lake. Hakuna mama aliyeweza kusimama na kusema: mufuko wangu haukufika. Hakuna aliyeandikwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai.

Hapa kwetu Maniema tulikuwa na mpango wa PIRAM, ambao mfuko wa kimataifa wa FIDA uliukubali pamoja na Serikali mwishoni mwa mwaka 2008. Ulikuwa wa mbegu, wa barabara za kutolea mazao, na wa vikundi vya walimaji. Kuna pia mpango wa Serikali wa teritware 145, ambazo 7 kati yake ni zetu: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Mpango huo ulianza na masomo, vituo vya afya na nyumba za utawala. Ni vitu vizuri. Lakini si pesa ya mbegu mkononi mwa mulimaji, na asiwepo mtu wa kuwadanganya kwamba ndiyo hiyo.

Mipango kama hiyo inafanya kazi na vikundi. Haifuati mtu mmoja mmoja nyumbani kwake. Kikundi chenye daftari kinaonekana. Kisicho nalo kinasikia habari tu.

Majirani walifanya namna gani

Tuangalie sasa nchi ambako mulimaji alipata kitu kweli.

Malawi, baada ya njaa ya 2005, ilianza kuwapa walimaji wadogo vocha za kununua mbolea na mbegu kwa bei ndogo sana. Mavuno ya mahindi yalipanda, dunia nzima ilisema juu yake. Lakini ugomvi wa kila mwaka ulikuwa huu: nani anapata vocha? Kijiji kinapata vocha chache kuliko watu wake. Mara ingine shefu alizigawanya ili kila mtu apate kidogo, mara ingine zilikwenda kwa jamaa zake. Na bei ya mpango wenyewe ikapanda mpaka ikameza sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo. Mwaka 2020 waliubadilisha mpango ule kwa mwingine.

Tanzania ilikuwa na vocha tangu mwaka 2008 kwa miaka kadhaa. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha, na Serikali ililipa karibu nusu ya bei. Ilikuwa vizuri pahali pengi. Pahali pengine mulimaji maskini hakuwa na ile nusu yake ya kulipa. Akatia sahihi vocha, akamwachia mwenye duka, akarudi nyumbani na pesa kidogo bila mufuko. Kwenye karatasi alikuwa amesaidiwa. Mwaka 2022 walianza tena, safari hii kwa kuandikisha walimaji na kuwapa nambari ya simu ya kununulia mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Asiyeandikwa hakupata bei hiyo.

Kenya pia iliandikisha walimaji, na mwaka 2023 mufuko wa mbolea wa kilo 50 ulishuka mpaka shilingi 2.500 za kule. Ujumbe unaingia kwenye simu, unaenda kwenye depo ya Serikali. Halafu mwaka 2024 ikaonekana kwamba mifuko mingine haikuwa na mbolea ya kweli ndani. Mulimaji mwenye karatasi ya manunuzi aliweza kusema: mimi nilinunua pale, siku fulani.

Burundi iko na mpango wa taifa wa mbolea tangu mwaka 2012. Kule mulimaji anatanguliza sehemu ya pesa, mbolea inakuja nyuma. Walimaji wengi wamelalamika kwamba walitanguliza pesa na mbolea ikafika msimu ukiwa umeshapita.

Kwa hiyo tuko na mambo matatu ya kukumbuka. Orodha inaamua nani anapata, kabla ya mufuko wa kwanza kufika. Tarehe inaamua kama kilichofika kitapandwa ama kitaliwa. Na karatasi mkononi mwa mulimaji ndiyo inamruhusu kulalamika.

Kwa nini wazee wanaogopa kuandikwa

Najua kuna wazee hapa ambao neno orodha haliwapendezi. Wako na sababu.

Wakati wa Wabelgiji, walimaji wa Maniema waliandikwa vizuri sana. Kuanzia mwaka 1917 sheria iliwalazimisha watu kulima mazao ambayo utawala ulitaka. Pamba ilianza kusukumwa huku kwetu na Sankuru karibu miaka hiyo hiyo. Mupunga pia. Kila mwanaume alipewa kipimo cha shamba, agronomu alipita kupima, bei iliwekwa na wengine. Asiyelima alilipa amende ama alifungwa, na fimbo haikuwa mbali. Wakati wa vita kubwa ya dunia, siku za kazi hizo za lazima zilipandishwa mpaka 120 kwa mwaka. Mupunga na mihogo ya vijiji ililisha watu waliochimba bati kwa kampuni ya Symétain hapa hapa Kalima.

Kwa hiyo muzee akisikia "tuandike mashamba", anasikia pia "tuje tuwatoze". Hatumcheki. Ndiyo maana ninapendekeza orodha ambayo inaandikwa na sisi, inasomwa kwa sauti mbele ya kijiji, na nakala yake moja inabaki kijijini. Orodha ya zamani ilikaa kwenye biro ya mzungu, na aliyeandikwa hakuwa na ruhusa ya kuitazama. Nambari za kadi ya uchaguzi tusiziandike kwenye orodha ya kusomwa. Zibaki nyumbani kwa mwenyewe mpaka Leta itakapoziomba kwa barua.

Kitu gani kinatufaa sisi

Ndugu zangu, tusiombe kitu juu tu majirani walikipata. Tanzania, Kenya na Burundi waliweka pesa nyingi kwenye mbolea. Sisi hapa tunalima mupunga wa pori: tunakata miti mwezi wa sita na wa saba, tunachoma mwezi wa nane, tunapanda mvua ikirudi mwezi wa tisa. Shamba la mwaka wa kwanza linakula majivu na udongo wa pori. Mufuko wa mbolea kutoka mbali, ukifika Kalima kwa barabara yetu ya Kindu, bei yake imekuwa nini? Na ungefanya kazi gani?

Kinachotukosesha ni vingine. Cha kwanza ni mbegu. Hekta moja ya mupunga inaomba kilo 40 mpaka 60 za mbegu. Mavuno yetu kwa hekta ni karibu tani moja, mara nyingi chini yake. Njaa ikiingia kabla ya kupanda, mama anapika mbegu yake. Halafu mwezi wa tisa anainunua sokoni wakati kila mtu anaitafuta, tena ni mbegu iliyochanganyika, ingine inaiva mapema, ingine inachelewa. Cha pili ni vyombo: shoka, panga, jembe. Aliyerudi kutoka ukimbizini alirudi na vyungu na watoto. Shoka hakuwa nalo. Cha tatu ni mashine ya kukoboa iliyo karibu, kwa sababu mupunga usiokobolewa unauzwa bei ya bure. Cha nne ni barabara na vizuizi vyake.

Mkiniuliza Serikali ianzie wapi huku kwetu, nitasema: mbegu safi, mwezi wa saba, si mwezi wa kumi na moja. Wengi mnakumbuka msimu ule tuliletewa mbegu na shirika moja, sitalitaja jina, mashamba yakiwa yameshapandwa kwa mbegu za kukopa. Tulifanya nini? Tulizipika. Ripoti yao bila shaka iliandika kwamba familia nyingi zilipata mbegu. Haikuwa uongo. Lakini hakuna hata shina moja lililoota.

Nani aandikwe

Hapa ndipo najua hatutakubaliana wote, na ni afadhali tuseme leo tukiwa pamoja.

Chama chetu ni cha waliorudi. Tulikimbia wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, na tena nyuma yake, kila mmoja kwa njia yake. Wengine walikaa Kindu, wengine Bukavu, wengine walivuka ziwa mpaka Kigoma. Likelemba yetu ni jasho letu. Ndiyo maana kuna wanachama wanaosema: orodha iwe ya waliorudi peke yao, wafadhili walikuja juu yetu.

Mimi ninasema hapana, na ninaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Wale waliobaki hawakubaki kwenye raha. Walilala porini, walizika watu, walipoteza mbuzi na mavuno. Tuliporudi, ni nani alitupa pahali pa kulima? Wengi wetu leo tunalima kwenye udongo wa kuazima. Mwenye udongo hakutuomba kitu, ama alituomba mifuko miwili ya mupunga baada ya mavuno. Sasa fikirini: mbegu ya Serikali inafika, waliorudi wanapewa, mwenye udongo anaangalia tu. Msimu unaofuata atasema shamba lake analihitaji mwenyewe. Ama ile mifuko miwili itakuwa minne. Msaada utakuwa umeingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha, na ugomvi utabaki ndani ya nyumba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imepita zamani. Hatuwezi kuendelea kuhesabiwa kama wageni siku ya kupewa, na kama wenyeji siku ya kudai udongo.

Kwa hiyo tutenganishe vitu viwili. Likelemba ni ya wanachama, na itabaki hivyo. Orodha ya walimaji ni ya kijiji, na kila anayelima anaingia, awe alirudi ama alibaki.

Jambo lingine juu ya majina. Mara nyingi tunaandika mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba ni baba. Lakini nani anapanda mupunga? Nani anapalilia, nani anafukuza ndege, nani anavuna kwa kisu? Kuna wababa wengi ambao wako kwenye mashimo ya kasiterite tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Hawajui hata shamba la mke wao linaishia wapi. Siwalaumu, shimo ndilo linalolipa minervale ya watoto. Ila mbegu ikiandikwa kwa jina la baba, baba akiwa Kindu siku ya kugawanya, mama anaambiwa akamwite. Tuandike jina la anayelima. Nyumba moja ikiwa na mashamba mawili ya watu wawili, tuandike majina mawili. Mjane aandikwe kwa jina lake, si kwa jina la shemeji.

Tuandike namna gani

Daftari moja kwa kila kijiji. Mistari saba inatosha: jina la anayelima, shamba liko wapi, udongo ni wa nani, wake ama wa kuazima, ukubwa wa shamba, zao, mbegu ilitoka wapi, na baada ya mavuno, mifuko mingapi. Ukubwa tuupime kwa kamba ya mita 50, si kwa macho. Macho ya mwenye shamba yanaona hekta moja pahali kamba inaona nusu. Vijana waliosoma humanités waifanye kazi hiyo, wawili wawili, pamoja na mzee mmoja wa kijiji anayejua mipaka.

Ikimalizika, isomwe kwa sauti siku ya soko ama baada ya ibada. Mtu akisikia jina la asiyelima, aseme pale pale. Akisikia jina lake halimo, aseme vilevile. Halafu nakala tatu: moja ibaki kijijini, moja kwenye chama, moja ipelekwe kwa inspection ya kilimo ya teritware ya Pangi, na sisi tubaki na karatasi yenye muhuri kwamba waliipokea.

Kuna pia baraza ambalo lilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, linaitwa CARG, baraza la kilimo na mashamba kwenye teritware. Ndani yake wanakaa watu wa Leta, watu wa vikundi vya walimaji, na wengine. Tuombe kiti, na tuingie tukiwa na daftari. Atakayesema "walimaji ni wengi, wanateseka" hatamfundisha mtu kitu. Atakayesema idadi ya wanaolima mupunga, hekta zao na kilo za mbegu wanazokosa mwaka huu, huyo atajibiwa.

Kisha kuna pesa iliyo karibu zaidi kuliko Kinshasa. Katiba yetu, artikle 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Sheria ya utawala wa mwaka 2008 inasema asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo iende kwenye sekteri, sheferi, komine na miji. Kodi ya madini nayo, kufuatana na sheria ya madini ya mwaka 2018, iko na fungu la asilimia 15 kwa sekteri, sheferi ama komine ambako madini yanatoka. Kalima imetoa bati tangu wakati wa Symétain, kupitia Sominki, mpaka leo. Pesa hiyo haiji yote, sisi sote tunajua. Lakini ile kidogo inayokuja inaandikiwa bajeti, na bajeti hiyo inaandikwa na watu tunaowajua kwa majina. Tuwaombe mstari mmoja: mbegu. Tuombe kwa barua, na daftari likiwa nyuma ya barua.

Juu ya wale wanaopita na daftari lao

Mtu akija kuwaandika, mumuulize maneno matatu. Barua yako ya kazi iko wapi, yenye muhuri wa inspection ya kilimo ama wa administrateur wa teritware? Franka unazoomba zinaingia kwenye mfuko gani, na karatasi ya malipo iko wapi? Majina yatasomwa lini mbele ya watu wote? Akishindwa hata moja, asipewe franka wala kadi ya uchaguzi. Wala msimpige. Mumlete kwa komite, na komite imwandikie shefu.

Ghala la mbegu

Lakini mwezi wa tisa hautungoji. Leta ije ama isije, tunapaswa kupanda. Kwa hiyo ninapendekeza tuanze ghala la mbegu kwa mupunga wetu wenyewe. Baada ya mavuno, kila anayetaka analeta mbegu iliyochaguliwa shambani, mashuke mazuri ya aina moja, iliyokaushwa vizuri. Tunaipima, tunaiandika, tunaifunga. Hakuna anayeigusa mpaka mwezi wa nane. Anayekopa kilo 20 anarudisha kilo 25. Hizo tano zinalipa panya, mifuko, na mtu mpya ambaye hana kitu cha kuleta mwaka wa kwanza. Ufunguo uwe na watu wawili, kufuli mbili, mmoja aliyerudi na mmoja aliyebaki. Na angalau mmoja wao awe mama.

Kwa marafiki wafadhili

Ninyi mnaotusaidia, tunawashukuru kwa kweli. Tunaomba mambo manne tu. Tuambieni mwezi wa tano kile mtakacholeta, ili tujue kama tukate pori kubwa ama dogo. Mkileta mbegu, zifike kabla ya mwisho wa mwezi wa saba. Zikichelewa, zigeuzeni ziwe shoka na panga, ambazo haziozi. Mkubali orodha ya kijiji kizima, hata kama kwenye karatasi zenu imeandikwa "waliorudi". Na ripoti yenu isomwe hapa Kalima kabla ya kupelekwa kwa wakubwa wenu, ili mama aliyehesabiwa ajisikie akihesabiwa, aseme kama ni kweli.

Maneno ya kupigia kura

Bwana Prezida, naleta maneno matatu mbele ya mkutano. La kwanza: hakuna mwanachama atakayelipa pesa ya kuandikwa kwa mtu asiye na barua yenye muhuri. La pili: chama kianze kuandika walimaji wote wa vijiji vyetu, waliorudi na waliobaki, kila mmoja kwa jina la anayelima, na kazi hiyo imalizike kabla ya kukata pori la msimu unaokuja. La tatu: ghala la mbegu lianze na mavuno haya, hata kama ni mifuko michache.

La pili najua litaleta maneno mengi. Ni vizuri yaletwe. Naomba tu kila atakayesimama kulikataa atuambie kwanza analima kwenye udongo wa nani.